Programu za kifankisheni: kitabu kipi kitangulie?

Kuna orodha inayozunguka kwenye simu za vijana wa Lamu wanaojifunza kuandika programu. Ina majina ya vitabu kumi na kitu, bila maelezo yoyote, na juu yake pameandikwa kwamba atakayevimaliza vyote atakuwa fundi kamili. Imetumwa na kutumwa tena hata haijulikani aliyeianzisha. Anayeipokea hupakua kile kinachosifiwa kuliko vyote, chenye picha ya mchawi jaladani, akakifungua usiku umeme ukiwepo. Kabla hajafika mbali amekutana na kipeuo cha pili kinachotafutwa kwa makadirio, nambari tasa, na mabano ndani ya mabano. Kesho yake barazani anatangaza kwamba mambo haya ni ya watu wa hisabati, na yeye hisabati aliiacha kidato cha nne.

Simlaumu. Amepewa kitabu kizuri kabla ya wakati wake. Na maswali yanazidi, kwa sababu tangu serikali ilipoidhinisha mwaka 2022 somo la kuandika programu katika shule za Kenya, hata wazazi ambao hawajawahi kushika kibodi wanauliza mtoto asome nini. Majibu wanayopata hutegemea wamemuuliza nani. Mmoja atataja lugha ya programu iitwayo Python, mwingine ile ya Java, wa tatu atanong'ona neno "kifankisheni" kana kwamba ni siri ya ukoo.

Orodha ile imechanganya mambo mawili ambayo ni vyema yatenganishwe mapema. La kwanza ni mtindo wa kifankisheni wa kuandika programu (functional programming kwa Kiingereza), yaani kuzijenga kwa vipande vinavyopokea kitu na kurudisha jibu. La pili ni ubunifu wa programu, yaani namna ya kutoka kwenye shida uliyoelezwa na mtu kwa maneno ya kawaida hadi kwenye programu inayoitatua. Vitabu vingi hufundisha yote mawili kwa pamoja, ndiyo maana watu hudhani ni kitu kimoja. Anayetaka la pili akapewa kitabu cha la kwanza hutoka na ujuzi wa lugha ngeni, na tatizo lake lingali pale pale.

Fankisheni safi

Programu ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Maagizo yakiwa mengi, mwandishi huyakata vipande, na kipande kinachopokea kitu na kurudisha jibu huitwa fankisheni. Tuseme mashua ya abiria kati ya Mokowe na Lamu inatoza shilingi 150 kwa kila mtu. Fankisheni ya mapato inapokea idadi ya abiria na kurudisha fedha. Ipe 12, itakurudishia 1,800. Ipe 12 kesho, au usiku wa manane, au baada ya kuzima na kuwasha mashine, ni 1,800 ile ile. Haiandiki popote, haisomi popote, haimtumii mtu ujumbe. Hiyo ndiyo fankisheni safi, na mtindo wa kifankisheni ni kujenga programu, kadiri inavyowezekana, kwa fankisheni za namna hiyo.

Sasa chukua fankisheni ya kutoa fedha kwenye akaunti yenye salio la 2,000. Iambie itoe 1,500, itakubali. Irudie kwa maneno yale yale, itakataa. Umeuliza jambo moja mara mbili ukapata majibu mawili, kwa sababu kuna kitu kimebadilika katikati: salio. Kitu kama hicho, kinachokumbukwa na programu na kubadilika kadiri inavyoendelea, huitwa hali.

Hakuna ubaya wa programu kuwa na hali. Akaunti bila salio si akaunti. Shida huanza hali inapotapakaa, kila kipande kikaruhusiwa kuibadilisha, na siku hesabu inapokosea hujui umshike nani. Mtindo wa kifankisheni hauifuti hali. Huikusanya mahali pachache panapojulikana, na hesabu zote zilizobaki zikawa safi. Kipande kilicho safi unaweza kukichunguza peke yake, bila kuamsha programu nzima.

Hapa ndipo uvumi wa kwanza unapoanguka. Wapo wanaosema, "Mimi tayari naandika kifankisheni, programu zangu zote zina fankisheni." Karibu kila lugha inayotumika leo ina fankisheni. Swali ni kama fankisheni zako zinatimiza kile zinachodai tu, au zinapapasa na vya jirani.

Uvumi mwingine ni kwamba huu ni mtindo mpya, wa kupita. Mizizi yake ni kazi ya Alonzo Church, mwanahisabati wa Marekani, katika miaka ya 1930, kabla ya kompyuta za kielektroniki kuwepo. John McCarthy alianza lugha ya Lisp mwaka 1958. Scheme, mtoto wa Lisp, ikazaliwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, mwaka 1975, na maelezo rasmi ya kwanza ya Haskell yakatoka 1990. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha John Backus. Huyu aliongoza kikundi cha kampuni ya kompyuta ya IBM kilichotengeneza Fortran, lugha iliyozoesha ulimwengu kuandika programu hatua kwa hatua huku ukibadilisha vilivyomo kwenye kumbukumbu. Alipopewa tuzo ya Turing, tuzo kuu ya fani ya kompyuta, mwaka 1977, alisimama mbele ya wenzake na kuitumia hotuba yake kuihoji njia ile ile iliyompa jina, akapendekeza badala yake programu zijengwe kwa kuunganisha fankisheni.

Na kuhusu wasemao kwamba hautumiki kazini: WhatsApp, ambayo ndiyo iliyoleta ile orodha ya vitabu kwenye simu yako, ilijengwa kwa Erlang, lugha ya kifankisheni iliyoanzia kampuni ya Ericsson katika miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Java iliongezewa nyenzo za mtindo huu mwaka 2014. Anayeandika JavaScript, lugha ya kurasa za wavuti, leo huchuja na kugeuza orodha kwa fankisheni kila siku. Hata karani wa hoteli ya Shela anayeandika kwenye lahajedwali, kama Excel, kwamba seli ya chini ni jumla ya zilizo juu yake, anafanya jambo hili bila kuambiwa jina lake. Hakuieleza kompyuta hatua za kufuata, ameieleza uhusiano tu, na mashine ikajua la kufanya.

Skrini tupu

Ubunifu wa programu ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua wamekwama wapi. Kijana amemaliza masomo ya video, anaijua lugha, amri zote anazitambua akiziona. Mpe shida iliyoelezwa kwa Kiswahili cha kawaida, atakodolea skrini tupu. Kisha ataanza kuokota kipande huku na kipande kule, akibadilisha alama mpaka mashine iache kulalamika. Ikinyamaza, anasema imekamilika.

Tuchukue shida ya hapa nyumbani. Nahodha anataka programu ya mgao. Desturi hutofautiana chombo kwa chombo, lakini tuseme kwake ni hivi: fedha za samaki hutolewa kwanza gharama za mafuta, barafu na chambo, kinachobaki hugawanywa sehemu sawa, chombo kikapata mbili na kila mvuvi moja.

Mwenye pupa ataanza kuandika programu sasa hivi. Aliyefunzwa ubunifu hagusi kibodi bado. Kwanza hujiuliza vitu vinavyoshughulikiwa ni vya aina gani. Mapato na gharama ni shilingi. Wavuvi ni nambari kamili, maana hakuna mvuvi nusu. Yaonekana upuuzi kuandika jambo lililo wazi kiasi hicho, lakini liandike. Kisha huandika sentensi moja ya kusudi: fankisheni hii hupokea mapato, gharama na idadi ya wavuvi, na hurudisha thamani ya sehemu moja. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, bado hujaielewa kazi, na hakuna lugha itakayokuokoa.

Halafu, na hili ndilo watu hulikimbia, hufanya mifano kwa mkono. Mapato 24,000, gharama 6,000, wavuvi 4. Kinachobaki ni 18,000, sehemu ni sita, kila sehemu 3,000, na chombo kitachukua 6,000. Vizuri. Mfano mwingine: mapato 5,000, gharama 6,000. Sasa je? Kuna hasara ya 1,000. Chombo kinaibeba peke yake, inagawanywa, au inasubiri safari ijayo? Hilo si swali la kompyuta. Ni swali la nahodha, na ni afadhali aulizwe leo kuliko siku watu watakapogombana gatini. Angalia jinsi mfano mmoja ulioandikwa kwa kalamu ulivyoibua jambo ambalo mtu angeliona miezi mitatu baadaye, programu ikiwa imeshaanza kutumiwa.

Tukiiacha hasara kando kwa sasa, programu yenyewe katika lugha za jamii ya Lisp ni mstari mmoja:

(/ (- mapato gharama) (+ 2 wavuvi))

Hayo ndiyo mabano yanayotisha watu. Alama ya tendo hutangulia, vinavyotendwa hufuata. Toa gharama kwenye mapato, jumlisha mbili na wavuvi, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Ukilielewa hilo, sarufi karibu yote ya lugha hiyo umeshaipata, na ndiyo sababu walimu wameipenda kwa miongo mingi: inamalizika kufundishwa upesi, muda ukabaki kwa mambo ya maana. Mwisho, mifano uliyoifanya kwa mkono inarudi kuwa majaribio. Ipe 24,000, 6,000 na 4. Isipojibu 3,000, kuna kosa.

Hiyo ni safari moja. Nahodha sasa anataka jumla ya mapato ya mwezi, na safari za mwezi hazina idadi maalum. Hapa ndipo kiini kilipo, kwa hiyo tuende polepole. Orodha ya safari ni kitu gani? Ni moja kati ya mambo mawili: ama ni tupu, ama ni safari moja ikifuatwa na orodha ya safari zilizobaki. Soma tena. Maelezo ya orodha yameitaja orodha ndani yake.

Kwa kuwa data ina namna mbili, fankisheni itakuwa na matawi mawili. Orodha ikiwa tupu, jumla ni sifuri. Isipokuwa tupu, jumla ni mapato ya safari ya kwanza, ukiongeza jumla ya zilizobaki. Na jumla ya zilizobaki utaipataje? Kwa fankisheni hiyo hiyo. Maelezo ya data yalijitaja, basi na programu inajiita. Vitabu huita jambo hili kujirudia, na wanafunzi hulikumbuka kama fumbo lililowakosesha usingizi. Likifundishwa kwa njia hii fumbo halipo, kwa sababu umbo la data limekupa umbo la programu kabla hujaanza kuwaza hesabu. Kama safari zingekuwa za aina tatu, tuseme za uvuvi, za abiria na za mizigo, ungejua mapema kwamba kuna matawi matatu, na ukiandika mawili ungejua umesahau moja.

Sasa inaonekana kwa nini vitabu vya ubunifu huchagua mtindo wa kifankisheni kwa wanaoanza. Fankisheni ikiwa safi, mfano uliofanywa kwa kalamu unatosha kuijaribu. Huhitaji kukumbuka nini kilitangulia, salio lilikuwa ngapi, nani aligusa nini. Mwanafunzi anabaki na jambo moja tu la kuwaza.

Vitabu vyenyewe

Njia niliyoieleza, ya data kwanza, kusudi, mifano, umbo, programu, majaribio, ndiyo uti wa mgongo wa How to Design Programs, cha Matthias Felleisen, Robert Bruce Findler, Matthew Flatt na Shriram Krishnamurthi. Kilitoka MIT Press mwaka 2001, na toleo la pili 2018. Ndicho ninachomwambia mtu aanze nacho kama hana mwalimu wa karibu, na Lamu wengi hawana.

Kina sehemu sita. Ya kwanza ni ya data zenye ukubwa maalum, kama ule mgao wa safari moja. Ya pili ni ya data zisizo na kikomo, kama orodha ya safari. Ya tatu inafundisha kuunganisha programu zinazofanana ziwe moja, na huko ndiko nguvu ya mtindo wa kifankisheni inapoanza kuonekana. Hisabati inayohitajika ni ya shule ya msingi, na programu za mwanzo ni picha zinazosogea kwenye skrini. Programu inayoambatana nacho, DrRacket, ambayo ni ya kuandikia lugha ya Racket ya jamii ya Lisp, ina lugha ndogo zilizopangwa kwa ngazi. Anayeanza hupewa lugha yenye vitu vichache, kwa hiyo akikosea, ujumbe wa kosa unazungumzia vitu anavyovijua. Anapopanda, lugha nayo inapanuka.

Kina kasoro yake. Ni kirefu, na hurudia. Aliyekwisha kufanya kazi miaka miwili ya kutengeneza tovuti atahisi anafundishwa kushika kijiko. Nadhani hata huyo asikiruke chote. Aanzie sehemu ya pili, afanye mazoezi kwa kuandika kila hatua, hata zile anazoziona za kitoto. Wengi wa wanaojiona wamepita kiwango hicho hushindwa kuandika sentensi ya kusudi.

Kile cha mchawi ni Structure and Interpretation of Computer Programs, cha Harold Abelson na Gerald Jay Sussman pamoja na Julie Sussman. Kilitoka 1985, toleo la pili 1996, na kilikuwa kitabu cha kozi ya mwaka wa kwanza MIT. Hapo ndipo maelezo ya ugumu wake yalipo. Wanafunzi wale walikuwa wakisoma hisabati ya juu na umeme wakati huo huo, kwa hiyo mwandishi akitoa mfano wa kutafuta kipeuo, wa kukokotoa mnyambuliko wa hisabati (derivative), au wa kuiga saketi ya umeme, msomaji wake alikuwa nyumbani. Kijana wa Langoni aliye peke yake anapambana na vitu viwili kwa mpigo, programu na hisabati, na akishindwa hajui kimemshinda kipi.

Siyo mimi niliyeanza kusema hivyo. Waandishi wanne wa How to Design Programs walichapisha makala mwaka 2004 wakikichambua kitabu hicho. Walikisifu kwa kubadilisha ufundishaji, kisha wakasema kinamwonyesha mwanafunzi programu nzuri bila kumwonyesha wazi namna ya kuzifikia, na kwamba mifano yake inadai ujuzi wa fani nyingine. Ukijua historia hiyo unaacha kuvipanga vitabu hivi viwili kama timu za mpira. Kimoja kilizaliwa kutokana na mapungufu waliyoyaona kwenye kingine.

Kwenye vyuo vyetu vya Qurani mtoto huanza na herufi, akaja kwenye Juzuu Amma, na akaendelea. Tafsiri kubwa ziko kabatini, zinaheshimiwa, na hakuna maalim anayempa tafsiri mtoto wa alif na be kwa sababu eti ndicho kitabu kikubwa zaidi. Kwenye kompyuta kosa hilo tunalifanya kila wiki.

Hata hivyo, kitabu cha mchawi kinastahili sifa zake, wakati wake ukifika. Hakibadilishi thamani yoyote iliyohifadhiwa hadi sura ya tatu. Unasoma mamia ya kurasa ukiwa ndani ya fankisheni safi tu, halafu hali inaingizwa kwa mfano wa akaunti ya benki, na waandishi wanakuonyesha kwa utulivu nini umepata na nini umepoteza kwa kuiingiza. Sijaona mahali pengine jambo hilo lilipoelezwa vizuri hivyo. Sura ya nne unaandika programu inayoendesha lugha yenyewe, na kuanzia hapo lugha ya programu haikutishi tena, kwa sababu umeshaona utumbo wake. Tangu 2022 kuna toleo la JavaScript, lililofanywa na Martin Henz na Tobias Wrigstad. Hilo linamfaa anayekimbia mabano, ingawa hisabati imebaki ile ile.

Kuna kitabu chembamba ambacho kwenye orodha huwa chini kabisa: The Little Schemer, cha Daniel Friedman na Felleisen, kilichoanza 1974 kikiwa na jina jingine. Chote ni maswali upande mmoja na majibu upande wa pili, na mifano yake imejaa vyakula. Kinafundisha jambo moja tu, kujirudia, na hakifundishi namna ya kutengeneza programu ya kutumiwa na mtu. Waandishi wanaomba kisisomwe kwa vikao pungufu ya vitatu. Kinafaa kama mazoezi ya pembeni kwa mtu ambaye orodha ya safari bado inamzungusha.

Na Haskell? Hii ndiyo lugha inayotajwa na wanaotaka kuonekana wamefika. Ni lugha safi kwa ukali: kazi yoyote inayogusa ulimwengu wa nje, hata kuandika jina kwenye skrini, hutangazwa wazi katika aina ya fankisheni. Inakunyoosha. Kama mgao na orodha vimekaa kichwani, Programming in Haskell cha Graham Hutton, toleo la pili la 2016, ni kifupi, kimepangwa vizuri, na kina mazoezi. Learn You a Haskell for Great Good! cha Miran Lipovača kinachekesha na kinasomwa bure mtandaoni, lakini hakina mazoezi, na kitabu cha programu kisicho na mazoezi hukuacha ukidhani umeelewa. Kisome kwa kufurahi, ufanye mazoezi ya Hutton.

Maswali yanayofuata

"Lakini hakuna tangazo la kazi linalotaja Racket." Kweli. Lugha ya kitabu si lugha ya kazi. Sentensi ya kusudi, mifano kabla ya programu, matawi yanayofuata data, hayo yote yanahamia Python au JavaScript bila kubadilishwa. Ninayemwona akipoteza muda ni yule anayebadilisha lugha kila mwezi akitafuta ile itakayofikiri kwa niaba yake.

"Kitabu cha 1985 si kimezeeka?" Vya kuzeeka haraka ni vile vinavyofundisha vibonyezo vya programu fulani. Orodha ama ni tupu ama si tupu, na itaendelea kuwa hivyo.

"Kompyuta yangu ni ya mtumba." Itatosha. Na kwa wenye kuhesabu bando, How to Design Programs na kile cha mchawi waandishi na wachapishaji wenyewe wameviweka bure na kihalali. Pakua kitabu na DrRacket siku moja mahali penye Wi-Fi, uende nazo kokote, Faza hata Kizingitini. Vyote hufanya kazi bila intaneti. Umeme ukikatika, hatua tatu za kwanza za ubunifu ni za kalamu na karatasi.

"Akili unde (AI) si itaandika yote?" Itaandika mstari wa mgao kwa sekunde moja. Itakuuliza kuhusu hasara? Labda ndiyo, labda itajichagulia jibu kimya kimya na kukupa hesabu inayoonekana nadhifu. Asiyefanya mfano wa 5,000 na 6,000 kwa mkono hana njia ya kujua ni kipi kimetokea. Na akiulizwa na wavuvi, atajibu nini, kwamba mashine imesema?

Limebaki la Kiingereza, maana vitabu hivi vyote ni vya Kiingereza. Kinaeleweka kwa aliyemaliza sekondari, ila kusoma hisabati na Kiingereza na programu kwa pamoja kunachosha haraka. Kuna jambo dogo linalosaidia kuliko watu wanavyofikiri: lugha inadai Kiingereza kwenye maneno yake machache tu, mengine yote ni yako. Fankisheni ipe jina sehemu-ya-mvuvi, orodha iite safari-za-mwezi, na sentensi ya kusudi iandike kwa Kiswahili unachozungumza nyumbani. Racket haina neno. Na nahodha akija kukaa kando yako ataweza kuisoma ile sentensi mwenyewe, akwambie kabla hujaendelea kwamba kwenye chombo chake nyavu nazo zina sehemu yake, na wewe hukuziweka.